Kufufua magari ya zamani ya Kimarekani kwenye gereji ya nyumbani: hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila mara: nianze na gari gani, spea nitazipata wapi, kwa nini spana zangu zinakula nati, na kwa nini injini niliyoifunga vizuri inatoa moshi mweusi hapa Kampala. Nimeyakusanya majibu yote hapa. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye magari zaidi ya moja uani, tuseme pikapu ya Chevrolet C10, Ford Mustang ya 1966 na Jeep CJ-5, na gereji yako ni paa la mabati lenye sakafu ya saruji.

Kabla ya yote, shika neno moja: fungua gari moja tu kwa wakati mmoja. Magari mengi ya zamani nchini kwetu yamefia gereji. Yalifika yakitembea, yakafunguliwa matatu kwa pamoja, spea zikachanganyika, pesa ikakata, na leo yamebaki mabodi yanayoota nyasi. Ukifuata mengine yote humu ukaliacha hili, kazi yako haitaisha.

Karatasi kwanza

Usinunue gari lisilo na logbuku, hata kama bei inavutia. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye logbuku na ile iliyopigwa kwenye chuma. Mustang za miaka ya 60 namba hiyo iko ndani ya boneti, upande wa kushoto, kwenye bati la ndani la madigadi. Tarakimu ya kwanza ni mwaka wa modeli, kwa hiyo ya 1966 huanza na 6. Herufi ya tano ni injini: T ni silinda sita, C ni V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili, A ni hiyohiyo yenye midomo minne. Muuzaji akikuambia ni V8 na wewe ukakuta T, ama injini imebadilishwa, ama unadanganywa.

Usipange kuagiza gari zima kutoka Marekani kabla ya kuuliza URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Sheria ya 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Ndiyo maana haya machache yaliyokwishafika yanastahili kutunzwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa bolti

- Spana na soketi za inchi: 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4, 7/8 na 15/16. Hapa hakuna njia ya mkato, nitaeleza.
- Spana ya kupimia ukazo, ile mafundi wanaita toki.
- Jeki ya magurudumu na stendi nne za chuma.
- Gaji ya kompresheni, gaji ya vakyumu, taa ya taimingi (ya kuonyesha wakati plagi inapochoma) na mita ya umeme.
- Mashine ya kuchomelea ya waya (MIG). Ya vijiti hutoboa bati la bodi.
- Mifuko midogo ya plastiki, kalamu isiyofutika, daftari na simu yenye nafasi ya picha.
- Kitabu cha mafundi cha gari lako, la mwaka wako hasa.
- Kizimamoto. Petroli, cheche na paa la mabati havipatani.

Onyo la spana: gari hili ni la inchi, na maduka yetu yamejaa spana za milimita. Spana ya 19 hukaa vizuri kwenye nati ya 3/4, na ya 8 hukaa kwenye 5/16. Lakini ya 13 kwenye nati ya 1/2 inacheza kidogo, na ukiweka nguvu inakata kona. Ya 14 haiingii kabisa kwenye 9/16. Bolti nazo zina hatari yake. Bolti ya M8 huingia mizunguko miwili mitatu kwenye tundu la 5/16, ukadhani imekubali, kisha inakaza. Ukilazimisha, nyuzi za ndani zinakwisha. Kila bolti irudi ilikotoka, na ya kununua ipimwe kwa mkono kwenye nati ya zamani kwanza.

Onyo la stendi: usilale chini ya gari lililokaa juu ya tofali au bloku la saruji. Bloku hupasuka bila kukuonya. Weka stendi, litikise gari kwa mikono, ndipo uingie.

Hatua

1. Chagua la kwanza, na uyalaze mengine. Kwa mfano wetu, mimi ningeanza na Jeep CJ-5. Bodi yake ni ndogo, injini inafikika pande zote, na utajifunza breki, umeme na kabureta bila kuzama kwenye bati. Mustang iwe ya mwisho kwa sababu haina chesisi ya kusimama peke yake. Bodi ndiyo chesisi, na kutu ikiingia chini imeingia kwenye mifupa.

   Magari yanayosubiri yasiachwe hivihivi. Yaoshe chini, yakaushe, yainue kwenye stendi ili tairi zisiguse sakafu. Toa betri. Mwaga petroli yote. Fungua plagi, tia kijiko cha oili kwa kila silinda, rudisha plagi. Ziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa kitambaa, maana panya wa hapa hupenda kuzaa humo. Usifunike kwa karatasi ya nailoni: inashika unyevu na gari linaoza chini yake msimu wa mvua. Tumia kitambaa kinachopumua, chini ya paa.

2. Piga picha kabla ya kila bolti. Kila kitu kinachotoka kiingie mfukoni, na mfuko uandikwe gari, mahali na tarehe. “C10, bampa ya mbele, kulia.” Mwenye magari matatu asipoandika jina la gari atatafuta bolti mpaka achoke.

3. Legeza bolti zilizoshika kutu. Changanya oili ya gia boksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu kwenye kopo la chuma, paka jioni, rudia asubuhi, kisha jaribu. Ikigoma, pasha nati moto, iache ipoe kidogo, paka tena. Izungushe mbele na nyuma, usivute upande mmoja tu. Bolti ikikuumiza mkono, imekaribia kukatika. Simama, paka, rudi kesho. Ukitumia moto, mchanganyiko huo unashika moto haraka, kwa hiyo futa kwanza na uweke kopo mbali.

   Nati za magurudumu: Dodge, Plymouth na Chrysler za kabla ya 1971, pamoja na Jeep nyingi za zamani, zina nyuzi za kinyume upande wa kushoto. Tafuta herufi L kwenye ncha ya bolti. Ukiiona, kufungua ni kuelekea mkono wa saa. Vijana wengi wamezikata bolti hizi wakidhani zimekwama.

4. Jua hali ya injini kabla ya kuitoa. Toa plagi zote, zungusha krankshafti kwa mkono kupitia bolti ya mbele. Ikikataa, jaza mchanganyiko ule kwenye silinda, subiri siku kadhaa, jaribu kwa upole. Usitumie stata kuilazimisha. Unaweza kupinda koni-rodi au kuvunja ringi.

   Ikizunguka, pima kompresheni. Usiogope namba ikiwa chini ya ile ya kitabu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kila injini itasoma chini kidogo. Kilicho muhimu ni silinda kulingana: ya chini kabisa isipungue robo tatu ya ya juu kabisa. Zikilingana, na oili haina maji, usiifungue injini. Badilisha sili na gasketi za nje, endelea.

5. Kutu. Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo chukua muda wako.

   Kwenye Mustang za 1965 hadi 1968, anza na kisanduku cha hewa kilicho chini ya kioo cha mbele, kile chenye matundu. Maji ya mvua hupita humo, na kikioza yanadondokea miguuni mwa dereva. Mimina maji ya jagi taratibu juu ya matundu, mtu mwingine aangalie ndani kwa tochi. Tone likionekana, kisanduku kirekebishwe kabla ya sakafu. Watu huchomelea sakafu mpya, wanaweka kapeti nzuri, na msimu wa mvua unaofuata sakafu imeoza tena.

   Tumia bisibisi kugonga kila mahali chini. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinapokea bisibisi kama muhogo uliochemka. Zungushia chaki sehemu zote mbaya kabla ya kukata chochote, ili uone ukubwa wa kazi nzima.

   Kabla ya kukata sakafu au kingo za milango, funga milango na uchomelee vyuma vya muda kutoka nguzo hadi nguzo. Bodi isiyo na sakafu inajipinda, na baadaye mlango haufungi. Kata mpaka ufike chuma kizima. Bati la milimita 0.9 hadi 1.2 linatosha sakafu, na mafundi wa Katwe, hapa Kampala, watakukunjia umbo lolote ukiwapelekea kipande cha zamani au karatasi ngumu iliyokatwa vizuri. Chomelea kwa nukta, ruka kutoka upande huu kwenda ule, acha ipoe. Ukivuta mstari mrefu bila kupumzika, bati linajikunja kwa joto.

   Vipande vidogo vyenye kutu, mabano, hinji na bolti, vitumbukize kwenye molasi. Molasi ya viwanda vya sukari kama Kakira na Lugazi huuzwa kwa wafugaji, na ni rahisi kuliko dawa yoyote ya dukani. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko, wiki moja hadi mbili. Kutu inayeyuka na chuma kinabaki. Suuza, sugua kwa brashi ya waya, kausha juani na upake praima siku hiyohiyo, maana chuma kilicho uchi hapa kinashika kutu usiku mmoja. Usiweke humo alumini wala bodi ya kabureta, molasi inazila. Weka pipa mbali na dirisha la jirani, harufu yake ni kali.

   Pati si dawa ya tundu. Pati ni ya kusawazisha chuma kizima, safu nyembamba tu. Ukinunua gari, tembeza sumaku ndogo juu ya bodi. Isiposhika, chini yake kuna pati nene.

6. Breki kabla ya injini kuwaka. Gari lisiloweza kusimama lisiwashwe. Vumbi la breki za zamani lina asbesto. Usilipulize kwa kompresa, lilowanishe kwa maji ya sabuni na ulifute. Badilisha mipira yote na mabomba yote ya mpira, hata yanayoonekana mazuri. Magari mengi ya kabla ya 1967 yana masta silinda ya chumba kimoja: bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Weka masta silinda ya vyumba viwili. Kwa barabara zetu, na mteremko kama wa Kabale, huo ndio ubadilishaji wa kwanza ninaoupendekeza hata kwa mtu anayetaka gari lake libaki la asili.

   Kutoa hewa: usukani uko kushoto, na masta silinda iko kushoto pia. Gurudumu la mbali ni la nyuma kulia. Anza hapo, kisha nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Fundi aliyezoea magari ya Kijapani ya kwetu ataanza nyuma kushoto, mkumbushe.

7. Mafuta. Toa tanki, lioshe, angalia ndani kwa tochi ya betri, kamwe si kwa moto. Usiruhusu mtu achomelee tanki ambalo halijaoshwa kabisa na kujazwa maji. Badilisha mpira wote wa petroli, weka filta kabla ya pampu. Watu huuliza juu ya madini ya risasi kwenye petroli, ambayo iliondoka kwenye vituo vyetu kufikia 2006. Injini nyingi za Marekani za kabla ya 1971 zilitegemea risasi kulinda viti vya valvu. Kwa mwendo wa kawaida mjini unaweza kuendesha muda mrefu, lakini siku utakayofungua silinda hedi kwa sababu nyingine yoyote, weka viti vya chuma kigumu upande wa ekzosi.

8. Kufunga injini, kama ililazimu kuifungua. Chevrolet V8 ndogo, familia iliyoanza 1955, ina siri ambayo wengi hawaambiwi: matundu ya bolti za silinda hedi yanaingia kwenye maji. Kila bolti ipakwe silanti ya nyuzi, la sivyo maji yatapanda taratibu na kuingia kwenye oili. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, hadi futi-paundi 65, yaani Nm 88. Ukiweka kamshafti mpya na tapeti mpya (vipande vinavyosukumwa na kamshafti), injini ikiwaka tu ipandishe mizunguko karibu 2,000 kwa dakika na ukae hapo dakika 20. Usiiache sailensi (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), kamshafti mpya huharibika katika dakika za mwanzo. Oili iwe ya kuvumilia tapeti bapa, na yenye zinki ya kutosha.

9. Umeme. Waya uliokauka mpira ubadilishwe, usifungwe tepu juu ya tepu. Hakikisha kuna waya mnene wa athi kutoka injini hadi bodi na kutoka betri hadi injini. Gari lenye pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili) linahitaji kipunguza umeme kabla ya koili: likiwa linatembea koili ipate volti 7 hadi 9 hivi, na 12 kamili wakati wa stata tu. Kwenye Ford ni waya wa waridi uliofichwa nyuma ya dashibodi. Fundi akiuona umechakaa huuondoa na kuvuta waya wa kawaida. Gari linawaka vizuri sana siku hiyo, na baada ya muda mfupi pointi zimeungua.

   Taa za mbele za Marekani zimepinda mwanga kulia, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo unawapofusha wanaokuja. Mustang ya 1966 na Jeep zina taa ya mviringo ya inchi 7, saizi ileile ya Land Rover za zamani. Nunua glasi za aina hiyo zilizotengenezwa kwa kuendesha kushoto. Zinaingia bila kukata chochote.

10. Kuwasha na kutiuni kwa mwinuko wetu. Mpangilio wa moto wa Chevrolet V8 ndogo ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko kushoto, shufwa kulia, ukiwa umekaa kwenye kiti. Ford 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8, na 1 hadi 4 ziko kulia, 5 hadi 8 kushoto. Usichanganye mbili hizi.

    Vitabu vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Injini nzima iliyo sailensi kule inasoma vakyumu inchi 17 hadi 21. Hapa Kampala tarajia karibu 13 hadi 17. Usifungue injini nzima kwa sababu ya namba hiyo. Kabureta nayo itatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Kwenye kabureta ya Holley, kanuni ya kuanzia ni kushusha jeti (tundu linalopima petroli) namba moja kwa kila futi 2,000, kwa hiyo Kampala ni namba mbili chini. Taimingi weka ya kitabu kwanza, mpira wa vakyumu ukiwa umetolewa na kuzibwa. Kisha ongeza digrii mbili hadi nne; ukisikia injini inagonga ikipanda mlima, rudisha.

11. Rangi na viti. Viwe vya mwisho. Endesha gari likiwa na praima kwa muda, barabara ya murramu itakuonyesha kinachovuja na kinacholegea. Viti wape washonaji wa mjini, wanajua kazi. Wape kitambaa cha zamani kama kielelezo.

Kuhusu spea: soko la Kiseka hapa Kampala lina kila kitu cha Kijapani na kidogo sana cha Kimarekani, lakini usikate tamaa mapema. Beringi na sili hazina taifa. Soma namba iliyopigwa kwenye beringi, au pima sili kipenyo cha ndani, cha nje na unene, uende duka la beringi bila kutaja gari. Bushi huchongwa kwa mashine. Rejeta ya shaba hufungwa upya hapahapa. Agiza nje gasketi, pointi, kifaa cha kabureta na vipande vya bodi, na uagize vya gari moja lililo wazi.

Kukiharibika

*Inapiga moto nyuma kwenye kabureta, haiwaki.* Distribyuta imekaa nusu mzunguko kinyume, au waya zimepishana. Kwenye Chevrolet angalia 5 na 7 kwanza. Ziko jirani na zinafuatana.

*Inawaka baridi, inazima ikipata joto, inakubali tena baada ya kupoa.* Koili au kondensa. Angalia pia kama bomba la petroli limepita karibu na ekzosi.

*Inachemka kwenye foleni ya magari.* Maji wazi hapa yanachemka karibu digrii 96, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kisichoshika presha kinakuletea shida mapema kuliko pwani. Badilisha kifuniko, rudisha lile bati la kuzunguka feni kama lilitolewa, na usiondoe themostati.

*Stata inajivuta ingawa betri ni nzima.* Pima volti kati ya injini na ncha hasi ya betri mtu akipiga stata. Ikizidi nusu volti, athi ni mbovu.

*Gari linavuta upande ukikanyaga breki, kisha gurudumu moja linabaki limeshika.* Bomba la mpira limevimba ndani. Mafuta yanaingia na hayarudi. Kwa nje linaonekana jipya.

*Pedali inazama taratibu ukiikanyaga na kushikilia, na hakuna tone chini.* Masta silinda. Usiendeshe.

*Plagi nyeusi, moshi mweusi, harufu ya petroli.* Rudi hatua ya 10, shusha jeti. Zikibaki nyeusi, pima kina cha petroli kwenye bakuli la kabureta. Mara nyingi floti ya zamani imeingiwa na petroli na haielei. Itikise karibu na sikio, utasikia kama kuna kitu ndani.